Usimwite Mtu Aliyebeba Ngazi

Nawaandikia akina mama wenzangu, hasa wenye waume wanaopenda kuchekesha. Kama nyumbani kwenu kuna zile filamu zetu za zamani za Kiswidi, zile nyeusi na nyeupe ambazo watu hawasemi sana ila wanaanguka tu, zifungieni kabatini mpaka mmalize kupaka rangi.

Sisi hatukuzifungia. Mama mkwe wangu, Dagny, alikuwa ameamua kuuza nyumba yetu ya kiangazi kule ziwani. Tangu mumewe afariki alikuwa hacheki, akidai nyumba imekuwa kimya mno. Mnunuzi, Bwana Wennerholm, angekuja Jumamosi kwa kahawa ili wakubaliane. Mimi sikutaka iuzwe kabisa. Binti yangu Hillevi alijifunza kuogelea pale, mimi nikiwa nimesimama na taulo, roho juu.

Ijumaa jioni mume wangu Algot akatundika shuka ukutani, akawasha mashine ya filamu ya marehemu baba yake. Kwenye filamu, fundi rangi mnene amebeba ngazi begani. Akiitwa huku anageuka, ngazi inampiga polisi. Akiitwa kule anageuka, inampiga mchungaji. Polisi anainuka, anakung'uta kofia, anapigwa tena. Unajua kabisa kitakachotokea, na bado unakingoja kama mtoto anayengoja keki. Hapo ndipo hatari ilipo. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka kahawa ikanitoka puani.

Mama mkwe hakucheka. Alisema tu, "Marehemu alikuwa anaibeba vizuri zaidi."

Algot akalimeza neno hilo akalala nalo. Asubuhi nikamkuta uani na ngazi begani, anatembea kama yule mnene, tumbo mbele.

"Ibebe kwa mikono miwili kama watu wengine," nikamwambia.

"Mke wangu, niache. Nipo kazini."

Kazi yenyewe ilikuwa kupaka kibaraza rangi nyekundu, ili mgeni akute nyumba inapendeza. Alimaliza ubao wa mwisho gari likiingia. Bwana Wennerholm akashuka na suruali nyeupe na shada la maua. Na kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri, hakuthubutu kuingia na viatu. Akavivua kwenye majani, akavipanga sawasawa, akapanda kibarazani na soksi.

"Rangi mbichi hiyo," Hillevi akasema, lakini mguu ulishatua.

Akavuta. Mguu ukaja, soksi ikabaki. Akasimama kwa mguu mmoja kama korongo, maua mkononi, akisema samahani.

Ndipo Algot akatokea pembeni mwa nyumba na ile ngazi. Nikaona kitakachotokea, maana nilishakiona jana yake. Nikamwita nimwonye.

"Algot, usigeuke!"

"Umesemaje?" akasema, akageuka.

Bwana Wennerholm alikuwa ameinama kung'oa soksi, kwa hiyo ngazi ikapita juu yake, ikafagia ndoo ya rangi. Nikashusha pumzi. Mgeni akainuka.

"Baba, angalia nyuma," Hillevi akasema.

Baba akaangalia nyuma. Ngazi ikampata mgeni makalioni, akaenda mbio mguu mmoja mtupu mpaka kwenye meza ya kahawa tuliyoandaa uani, akaikalia.

"Samahani," akasema, "nadhani nimekalia keki yenu."

"Ile ya kijani au ile ya tufaha?" Algot akauliza, ngazi bado begani.

Mgeni akajipapasa. "Ya kijani. Ina krimu."

Mabega ya mama mkwe yakaanza kutikisika. Nikadhani ni moyo, nikakimbilia maji. Kumbe kicheko kinatafuta njia. Kilipotoka kilipiga mluzi kama birika.

"Algot mwanangu," akasema akifuta machozi, "hebu geuka tena."

"Mama, tuna mgeni," nikasema.

"Nimemwona. Bwana Wennerholm, nisamehe, siuzi tena. Nikirudi mjini nitamcheka nani?"

Bwana Wennerholm akasema anaelewa kabisa, akaomba gazeti la kukalia garini.

Kwa hiyo nyumba tunayo, nashukuru. Lakini mama mkwe sasa anataka onyesho kila Jumamosi, na Algot anajifunza kuingia ziwani na baiskeli. Hillevi anasukuma. Mimi nimesimama na taulo, na sithubutu hata kumwita.