Kiraka cha Ndani

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya katika chumba cha mionzi hospitalini ni utepe wa karatasi, ule wanaofungwa wagonjwa mkononi. Fidla iliyoletwa kupigwa picha ilikuwa imefungwa shingoni. Jinsia: mwanamke. Umri: miaka tisini na tisa.

"Ana miaka mia mbili na sabini!" alilalamika mtaalamu wa fidla za kale.

"Mashine imekataa, mzee wangu," alisema mpiga picha za mionzi. "Kwake, bibi yeyote mwisho tisini na tisa. Tena imeniuliza kama ana mimba."

Baba yake Kimya hakucheka. Yeye ndiye fundi aliyekabidhiwa fidla hiyo ya makumbusho aitunze, na katika karakana yake hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Kimya, binti yake aliyeishia darasa la tano, alikuwa wa kuchemsha gundi na kufagia.

"Vuta pumzi. Usipumue," mashine iliamuru. Fidla ikatii.

"Mgonjwa mwenye adabu kuliko wote wa leo," alisema mpiga picha.

Picha zikaja kwenye skrini, ndani ya fidla kukionekana vipande vipande kama mkate uliokatwa. Mtaalamu akaruka kitini.

"Kiraka! Chini ya ubao wa juu! Na tazama mistari ya mbao, mti wake ni mkongwe kuliko fidla yenyewe! Huu ni mkono wa bwana aliyeiunda."

"Siku hizi nani ataweza hivyo?" alisema baba, macho yamemlowa. "Hata mimi siwezi."

Kimya alikitambua kiraka hicho. Mwaka jana, baba alipokwenda kumzika shangazi, yeye aliishika fidla, ikamponyoka, ikapasuka. Akaifungua kwa kisu chembamba na maji ya moto, akauziba ufa kwa kipande cha ubao wa piano kuukuu iliyotupwa. Akisema, karakana ataiona kwa nje. Akinyamaza, bwana aliyekufa zamani atasifiwa kwa jasho la Kimya.

Mtaalamu alishaanza kuandika, akijisomea kwa sauti: "Mkono wa mwanamume aliyekomaa, mwenye elimu ya juu..."

Kimya akakohoa.

"Toka nje ukakohoe huko," baba akamwambia. "Watu wanafanya kazi."

"Baba, hicho kiraka ni changu. Niliiangusha, nikaifungua, nikaiziba. Kuiangusha najuta. Kuifungua sijuti."