Kochi la Heshima

Tangu mkewe Dinah azikwe, Lazarus hakushika jembe tena. Siku aliposahau sufuria motoni, jiko nusura liteketee, mwanawe Willis alimtoa kijijini Kabras, akamleta kwake mjini, Shieywe, na kumkalisha kwenye kochi. Akijaribu kuinuka tu, mkaza mwana wake Maurine analia kutoka jikoni, "Baba, kaa! Watu watasema nakutumikisha!" Maji analetewa, viatu analetewa. Mzee aliyekata miwa tangu ujana! Na kichwa nacho kikazidi kupotea, mpaka akawa anakosea mlango wa choo.

"Ni wakubwa," alinung'unika. "Walikula kiwanda cha sukari, wakala na pesa za dawa za Dinah, sasa wanakula akili yangu."

Alichokiogopa hasa hakukitaja. Kaka yake alikufa hawajui watoto wake mwenyewe, amefungiwa chumbani. Willis naye alishaanza kutafuta mtu wa kukodisha shamba la Kabras. Ikithibitika ni ugonjwa ule ule, kurudi kwao ndiyo basi.

Daktari alimpima, akampeleka kwa Moraa, dada wa mazoezi ya viungo. Moraa alimpa kifaa akibane kwa kiganja. Kikagoma. Akamwambia ainuke kitini bila kujishika. Akarudi chini kama gunia.

"Mama, mimi nimeletwa kwa ajili ya kichwa. Mbona unanipima kama ng'ombe wa mnada?"

Moraa akacheka. "Mzee, daktari hajaona ule ugonjwa unaouogopa. Lakini misuli yako imeisha. Msuli ukifanya kazi, ubongo nao unapata nguvu. Ukilala, ubongo unasinzia. Nani amekulaza?"

Willis akatazama sakafu. "Tulikuwa tunamheshimu."

"Mmemheshimu vibaya."

Lazarus alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa miwa begani. Hajaona! Hakusikia vizuri yaliyofuata, mpaka Moraa aliposema achuchumae na kuinuka kila siku pale sebuleni, Maurine amshike mkono asianguke.

"Nani? Mkaza mwana anishike, mimi nimechuchumaa? Huo ni mwiko, afadhali mnizike!"

Maurine, aliyesimama mlangoni, alishajifunika uso kwa leso. "Baba, hata mimi siwezi. Aibu gani hiyo!"

"Basi utafanyia wapi?" Moraa akauliza.

"Kwangu. Kabras. Huko kuna jembe."

"Na moto, Baba?" Willis akasema.

"Osundwa jirani atapikanga na mimi. Yeye ndiye anajua kuunguza obusuma, ugali wetu, si mimi."

Willis akacheka bila kutaka, akakubali arudi, na neno likaisha hapo.

Mvua zilipopungua alikwenda Kabras kumwangalia baba yake. Lazarus alikuwa katikati ya shamba akipanda miwa, jasho likimtoka, mdomo haupumziki.

"Umesikia mwenyekiti wetu wa wakulima? Alhamisi alituambia malipo ya miwa yako njiani. Mwaka jana aliapa hivyo hivyo, pale kanisani, amevaa koti la kijani. Anadhani tumesahau!"

Willis akabaki amesimama, macho yamemlowa.

"Kwani wewe unalia nini?" baba yake akamfokea, huku moyo wake mwenyewe mweupe kwa furaha. "Vua hivyo viatu vya ofisi ushike mstari ule."