Maziwa ya Ng'ombe wa Ndalahwa

Anna alijua hali ya mumewe kwa namna alivyoegesha pikipiki. Siku akiibwaga ukutani, watoto walizima redio na kushika madaftari, hata yule asiyejua kusoma. Na siku hizi aliibwaga kila jioni.

Method alikuwa daktari wa mifugo wa serikali huko Bukundi. "Ukimponya ng'ombe wao, kimya," alikuwa akisema. "Akifa, wanakutaja mpaka mnadani." Kilichomkaa rohoni zaidi ni kisa cha mzee Ndalahwa. Usiku mmoja wa masika Method alilala kwenye tope, mkono ndani ya ng'ombe mpaka begani, akamvuta ndama akiwa hai. Mzee akaswaga ng'ombe wake, akaondoka bila hata neno.

Basi Method akaamua kuacha kazi, akauze spea dukani kwa kaka yake Paschal, Bariadi mjini. Anna hakubishana. Aliolewa na mtu anayepiga mluzi akioga. Huyu anayefunga begi kwenye pikipiki hakumjua, na aliogopa huko mjini asimwone tena yule wa kwanza.

Kabla kamba haijakazwa, Ndalahwa akatokea na kibuyu begani.

"Mwangaluka, daktari."

"Mwangaluka, baba. Kuna nini tena? Amekufa?"

"Afe nani? Mbona unamwombea mabaya mtoto wako!" Mzee akatua kibuyu. "Yule ndama ameacha kunyonya juzi. Haya ni maziwa ya mama yake, yameganda vizuri."

Method akabaki ameshika kamba. "Mbona siku ile hukusema kitu?"

"Ningesemaje? Kwenye boma letu ndama wa kuvutwa hashukuriwi mpaka aache ziwa. Ukiwahi, unamwitia kijicho cha watu. Hilo neno limenikaa kooni mpaka Milembe, mke wangu, akasema nitakuja kufa nalo."

"Mimi nilijua umenichukia, mzee."

"Nikuchukie? Mtu aliyegaragara na nguo za serikali kama nguruwe?"

Anna akaziba mdomo asicheke. Mzee akachuchumaa mbele ya Method, akapiga makofi polepole kama anayemsalimia mkubwa wake. "Wabeja, ng'wanone. Asante sana, mwanangu."

Method akageuza uso, akajifanya anatazama tairi. Alipogeuka tena, sauti yake ilikuwa nyingine. "Na mama yake, kondo lilitoka lote? Anakula?"

Wakalishusha begi, wakalikalia, wakaongea habari za ng'ombe mpaka jua likawa kali. Simu ya Method ikaita. Anna akaipokea yeye.

"Shemeji Paschal, usimngoje leo."

"Leo tu?"

Anna akachungulia uani. Method alikuwa anawamiminia watoto maziwa, yakimmwagikia kwenye viatu alivyovipiga rangi kwa ajili ya safari, na wala hakujali. Ndani, mmoja wao alikuwa amewasha redio, kwa sauti kubwa kabisa.

"Tafuta mtu mwingine wa dukani, shemeji," Anna akasema, akakaa kizingitini kuwatazama.