Nukta Tatu kwenye Kona ya Fomu

Mimi sipendi kumdanganya mtu. Niliweke hilo wazi mapema, maana ukinisikiliza hadi mwisho utanifikiria vibaya, na utakuwa na haki.

Nimekaa kwenye dirisha la malalamiko la ofisi ya manispaa miaka kumi na tisa. Dirisha lina kioo chenye tundu la kuongelea, na chini yake mwanya wa kupitishia fomu. Mtu anakuja, anajieleza, mimi naandika, anatia sahihi, halafu kabla hajaondoka anauliza swali ambalo wote huliuliza: "Sasa nitegemee nini?" Wenzangu wa madirisha mengine hujibu, "Tutalishughulikia." Neno hilo silitaki hata kulisikia. Huko ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi nampa mtu ukweli wake aondoke nao.

Bomba limepasuka barabara kuu? Kesho asubuhi mafundi watakuwepo, kwa sababu wakubwa wanapita hapo wakienda kazini. Taa ya mtaani imezimika? Kama iko jirani na benki, siku tatu. Kama iko vichochoroni kwenu, nunua tochi. Mbwa amekufa njiani? Gari litakuja siku ya nne, na siku ya tatu mtakuwa mmeshamzika wenyewe, harufu itawashinda. Jirani anafungulia muziki mpaka kuta zinatikisika? Baba, tafuta pamba utie masikioni. Wengine walicheka, wengine walininunia, ila wote waliondoka wakijua wamesimama wapi. Wapo waliorudi kunishukuru kwamba niliwaokoa na nenda rudi.

Basi nikawa na kamchezo kangu. Kila fomu, kwenye kona ya juu, niliweka nukta za penseli. Nukta moja, jambo litafanyika. Mbili, huenda, wakisukumwa. Tatu, asahau. Jioni nilizinakili kwenye daftari langu, ndiyo maana niliziweka pale, nisije nikasahau. Mwisho wa mwaka ilipotoka orodha ya kazi zilizofanyika, nilikaa na daftari nikalinganisha. Katika fomu mia, nilikosea mbili, tatu hivi. Nilijivuna, sifichi. Mume wangu nilimchosha kwa hadithi hiyo hadi akawa akiniona nimetoa daftari anakumbuka ana kazi uani.

Fundi viatu alikuja Jumatatu moja asubuhi. Mzee wa miaka sitini na kitu, vidole vyeusi kwa rangi ya viatu, shati limepigwa pasi. Alinisalimia, akaniulizia hali ya nyumbani kwangu, ndipo akaanza yake.

Mbele ya geti lake kuna mtaro. Mtaro ulikuwa na mfuniko wa zege, lori la mchanga likaukanyaga, ukavunjika vipande vipande. Sasa pamebaki shimo wazi, mguu mzima unaingia.

"Watu wa hapo wanaruka," akasema. "Lakini mke wangu haoni. Macho yalimwisha mwaka juzi."

Alinieleza taratibu, kama mtu anayeshona. Mkewe alipopoteza macho alikataa kushikwa mkono. Alijifunza njia ya kwenda kwa dada yake, mtaa huo huo, kwa kuhesabu. Hatua sitini na nne. Kila siku mchana alikwenda mwenyewe, akakaa huko akapiga soga, akarudi mwenyewe. Siku mfuniko ulipovunjika hakuna aliyemwambia. Aliingia shimoni hadi pajani, akachubuka mguu wote.

"Mguu umepona," akasema fundi. "Ila tangu hapo hatoki. Nikimwambia nimpeleke anasema, leo nikishikwa mkono, kesho nitalishwa. Anakaa tu mlangoni. Mwanangu, mimi siogopi shimo. Naogopa akizoea kukaa."

Niliandika yote. Halafu akauliza lile swali.

Nikaangalia fomu. Mtaa mdogo. Nyumba moja. Hakuna aliyekufa, hakuna mkubwa anayepita. Nikamwambia, "Mzee wangu, nisikupotezee muda. Hili usilitegemee. Tafuta ubao mnene uuweke pale, maisha yaendelee."

Akatikisa kichwa polepole. "Ahsante kwa kunieleza ukweli," akasema. Alipogeuka nikaweka nukta tatu.

Ubao aliuweka, nilikuja kujua baadaye. Ulikuwa unacheza. Mkewe aliukanyaga mara moja, akarudi ndani, na wiki iliyofuata mtu akaubeba. Mwezi uliofuata fundi alirudi dirishani, na mwezi baada ya huo. Kila mara salamu ndefu, kila mara shati la pasi, kila mara jibu langu lile lile. Nilianza kukerwa naye. Nilimwona mtu mwenye kichwa kigumu, asiyetaka kusikia alichoambiwa kwa lugha nyepesi.

Mwezi wa saba tangu aje mara ya kwanza, alikuja na ombi jingine.

"Leo sikuja kuomba mfuniko," akasema. "Nimekuja kuomba nikataliwe."

"Ukataliwe?"

"Ndiyo. Wewe unaniambia nisitegemee, sawa. Lakini usitegemee si hapana. Kama kuna mhandisi aliyesoma fomu yangu akasema haiwezekani, niambie. Nitamwambia mke wangu wamekataa, tutahamia upande wa kwa dada yake, tutapanga hata chumba kimoja. Mtu akikataliwa anajua pa kuanzia. Sasa hivi siwezi kuhama, maana bado hakuna aliyesema neno."

Miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kuniomba hapana. Nikamwambia asubiri kwenye benchi. Nikafunga dirisha, nikapanda ghorofani kumtafutia hapana yake.

Juu kuna masjala, chumba ambamo fomu zetu zote hupokelewa kabla ya kwenda kwa mhandisi. Karani wa masjala ni binti mpole, nadhifu, ana miaka miwili pale. Nikamtajia mtaa na mwezi. Hakuangalia hata kwenye rejesta.

"Ina nukta ngapi?" akaniuliza.

Nikadhani sikumwelewa. "Nukta gani?"

"Zile mnazoweka huko chini. Kwenye kona."

Nikamwambia tatu.

"Basi iko humu," akasema, akafungua kabati la chuma nyuma ya mlango. Ndani ya mlango wa kabati palikuwa na karatasi iliyobandikwa, imegeuka rangi kwa kukaa. Mwandiko niliujua, ni wa karani aliyestaafu kabla yake. Nukta moja, mhandisi, leo. Nukta mbili, mhandisi, Ijumaa. Nukta tatu, kabatini.

Kabati lilikuwa limejaa kuanzia chini hadi juu. Fomu zimefungwa kwa kamba, mwaka kwa mwaka, zimepangwa vizuri kweli kweli. Zote mwandiko wangu.

"Nani alisoma hizi?" nikauliza.

"Hizi?" Binti wa watu akashangaa. "Hizi hazisomwi, mama. Si mmeshazikagua huko chini? Mimi nilivyoelekezwa, tatu maana yake zimekaguliwa na hazifai."

Nikaingia kwa mhandisi bila kubisha hodi. Yeye naye jibu lake lilikuwa hilo hilo: kinachofika mezani kwake anakifanya kadiri anavyoweza, kisichofika hakijui, na siku zote alidhani dirishani tuna mtaalamu wa kuchuja. Nikataka kumgombeza. Nikatafuta pa kuanzia nikapakosa. Yule mtaalamu ni mimi na penseli yangu.

Unaelewa sasa kwa nini nilikuwa sikosei. Nilikuwa nabashiri mvua huku nimeshika bomba mwenyewe. Kila mwaka nilikaa na lile daftari nikijipongeza, kumbe nilikuwa nahesabu watu niliowafungia kabatini. Nilirudi masjala nikakaa kwenye kiti cha wageni, na yule binti akaniletea maji akidhani ni sukari imeshuka.

Niliitafuta fomu ya fundi viatu mwenyewe. Nikafuta zile nukta kwa kifutio mpaka karatasi ikachubuka, nikaipeleka mkononi kwa mhandisi, nikasimama mbele yake anaisoma. Ilimchukua dakika mbili. "Mfuniko mmoja?" akasema. "Hii tunayo stoo, imezagaa tu. Kwa nini hakusema mapema?"

Nilishuka nikamwambia fundi arudi nyumbani, mfuniko unakuja. Hakushangilia. Alinitazama kama anayeangalia soli anayoishuku, akasema atamwambia mkewe ukishafika, si kabla.

Ulifika siku ya nne.

Jumamosi nikaenda kwao. Hakuna aliyenituma. Mfuniko ulikuwa pale, mpya, mzito, umekaa sawasawa na barabara. Fundi alikuwa kibandani kwake kando ya geti anapigilia kisigino. Aliponiona akaweka nyundo chini, akaniita ndani. Mkewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha mlangoni, mwanamke mrefu, amejifunga leso vizuri, mikono imelala mapajani.

"Ni yule mama wa dirishani," fundi akamwambia.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Sauti yako naijua kwa kusimuliwa."

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yakayeyuka. Nikamweleza tu kama ilivyokuwa: nukta, kabati, karatasi nyuma ya mlango. Nikasema miezi saba fomu yao haikusomwa na mtu, na aliyesababisha ni mimi. Nikaomba radhi. Fundi alikuwa amesimama nyuma yangu, nikasikia pumzi yake imebadilika.

Uso wa mkewe haukukunjamana.

"Unajua," akasema, "mume wangu aliporudi siku ile ya kwanza aliniambia, yule mama amesema tusitegemee. Mimi nikasema, afadhali, angalau mmoja mle ndani ni mkweli. Nikakuamini. Nikaacha kuutegemea mfuniko. Kisha nikaacha kumtegemea dada yangu, maana miguu yake nayo imechoka, haji kila siku. Mwisho nikaacha kutegemea hii yangu." Akajigonga goti. "Mtu akishaanza kuacha, mwanangu, hachagui."

Akasimama. Fundi akataka kumshika, akamtoa mkono kwa kiwiko bila hata kugeuka. Akapapasa fremu ya mlango, akatoka, akawa anahesabu kwa sauti ya chini. Moja, mbili, tatu. Mimi na fundi tukamfuata nyuma, tumebana pumzi kama wezi. Alipofika getini alinyoosha mguu wa kulia, akagusa mfuniko kwa kidole gumba, akaurudisha. Akaunyoosha tena. Akaukanyaga, akasimama juu yake kwa miguu yote miwili.

"Hauchezi," akasema.

"Hauchezi," fundi akamjibu.

"Nyamaza na wewe, unanipotezea hesabu." Akasogea tena mbele. Kumi na nane, kumi na tisa. Hapo akasimama. Akageuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia. Midomo ikawa inakwenda bila sauti. Kisha nikaona bega lake limeshuka.

"Hapa kulikuwa na kitu," akasema. "Ukuta, au harufu ya duka, kitu kilichokuwa kinaniambia nikunje kona. Nimekisahau. Nirudisheni."

Hakukataa mkono safari hii. Alimpa mumewe wa kushoto, na mimi, sijui kwa nini, akanipa wa kulia. Ulikuwa mkono mkavu, mwepesi, na ulinishika kwa nguvu. Fundi alikuwa analia waziwazi, mtu mzima na aproni yake, wala hakujifuta. Tulirudi hadi kwenye mfuniko, na hapo mkewe akatusimamisha.

"Mwanangu, wewe ndiyo kazi yako hii," akasema. "Umeniona ninavyotembea. Miaka yangu unaikadiria. Niambie, nitegemee nini? Nitafika tena kwa dada yangu peke yangu, au basi?"

Na mimi jibu nilikuwa nalo. Ndilo linaloniuma hadi leo. Kabla hajamaliza kuuliza, kichwa changu kilikuwa kimeshahesabu: umri, miezi saba ya kukaa, hatua kumi na tisa kati ya sitini na nne, kisha mkono. Jibu lilikuwa tayari ulimini kama lilivyokuwa tayari kwa kila mtu miaka yote hiyo, na huenda hata lilikuwa la kweli. Nilimtazama. Alikuwa ameelekeza sikio kwangu, anasubiri.

"Sijui, mama," nikasema.

"Hujui."

"Sijui kabisa."

Akatikisa kichwa, taratibu, mara mbili tatu. "Basi hilo ndilo ungemwambia mume wangu siku ile," akasema.

Akauachia mkono wangu, akapapasa geti, akaingia ndani. Mumewe akamfuata, na mimi nikabaki nimesimama pale barabarani.