Barua za Alwyn

Saa moja na dakika kumi asubuhi Glenys Purcell alinipigia simu kuniambia kwamba mume wake hafunguki.

"Nimebonyeza mara tatu, Tamsin. Nimezima, nimewasha, nimechomoa waya nikaurudisha kama ulivyonifundisha. Alwyn hafunguki."

Alwyn alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Kilichokuwa hakifunguki ni barua zake. Kwa miaka ishirini na miwili aliwajibu watu maswali kwenye orodha ya barua pepe ya Limpet, programu yetu ya kusoma vipimo vya maji kupwa na kujaa. Limpet ni programu huria: yeyote anaichukua bure, yeyote anairekebisha, halafu mtu mmoja mwenye kichwa kigumu anabaki nyuma yao na ufagio. Mwenye ufagio ni mimi. Natunza seva, tovuti na hiyo orodha ya barua, kwa kujitolea, nikiwa jikoni kwangu Hobart kabla ya kwenda kazini.

Glenys ana miaka sabini na minane, hajui Limpet inafanya nini na hana haja ya kujua. Lakini tangu mazishi, kila asubuhi hukaa na chai yake nyumbani kwake Snug, kijiji cha pwani nje ya mji, akafungua kumbukumbu ya orodha, zinakohifadhiwa barua zote za zamani, akasoma barua moja ya mumewe. Moja tu, kwa mpangilio wa tarehe. Alikuwa amefika Machi ya mwaka 2009.

"Ni matengenezo tu," nilimwambia. "Jana tumehamia seva mpya. Nipe siku mbili."

"Siku mbili? Nimemwacha katikati ya maelezo, kipenzi. Kuna kijana wa Chile, saa ya kipimo chake inachelewa dakika kumi na moja, na Alwyn ndiyo kwanza anaanza kumkaripia."

Nilicheka, nikakata simu, nikaenda kuangalia. Wiki ile sikucheka tena.

Acha niliseme kosa lenyewe, maana wenzangu wa kazi hii watalitambua kabla sijamaliza. Seva ya zamani ilikuwa ikijitengenezea nakala ya akiba kila siku, na kila siku ikinitumia ujumbe: nakala imekamilika, hakuna kasoro. Miaka sita nilipokea ujumbe huo kama unavyopokea salamu ya jirani, bila kusimama. Sikuifungua nakala yenyewe hata siku moja nikaona kama kuna kitu ndani. Kumbe miaka sita iliyopita nilizihamishia barua kwenye diski kubwa zaidi, na sikuirekebisha ile kazi ya kunakili. Ikaendelea kunakili folda ya zamani, ambayo sasa ilikuwa tupu. Wala haikunidanganya. Folda tupu ilinakiliwa yote, bila kasoro. Na jana yake, kwa kuitegemea nakala hiyo, nilikuwa nimeifuta seva ya zamani kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilijiita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kisha nikaingia kwenye gari, kwa sababu kuna mambo ambayo kuyasema kwa simu ni woga.

Nilimkuta Glenys mezani anapaka jemu ya raspiberi kwenye skoni, vile vimkate vya chai. Alinitazama usoni tu, akaelewa.

"Umemfuta," alisema.

"Nimemfuta."

"Zote?"

"Zote, Glenys. Nilidhani nina nakala, kumbe sina. Kosa ni langu peke yangu."

Aliweka kisu chini. Nilitaka anipigie kelele, ningepumua. Hakupiga.

"Unadhani nasoma kwa sababu napenda habari za bahari?" aliuliza. "Miaka ishirini na miwili yule mwanamume alikuwa akimaliza kula anaingia chumba cha nyuma, anakaa kwenye kile kiti, ananipa mgongo. Mgongo wake naujua kuliko uso. Nilitaka kujua hao watu alikuwa anawaambia nini, ambacho mimi sikuambiwa. Nimesoma miaka tisa yake. Jina langu sijaliona hata mara moja." Akachukua tena kisu, akakiangalia, akakirudisha. "Lakini nilikuwa bado sijamaliza."

Alinifungia skoni mbili kwenye karatasi, na hizo skoni ndizo zilizoniliza, ndani ya gari, mbele ya geti lake.

Nikiwa pale pale nilimpigia Losalini, ambaye hunisaidia kutunza seva akiwa Suva. Losalini alianza na sisi akiwa mwanafunzi, na Alwyn ndiye aliyemfundisha kila kitu, kwa barua tu, bila kuonana.

"Dada, pumua kwanza," alisema. "Umepumua? Haya niambie, orodha ya barua inafanya kazi gani?"

"Usinifanye mtoto, Losa."

"Jibu."

"Inapokea barua moja, inaipeleka kwa wanachama wote."

"Kwa wote. Sasa unalia nini, mjinga wangu? Barua za Alwyn zilikuja kwangu. Zilikwenda Bergen, zilikwenda Apia, zilikwenda kila mahali penye mtu anayepima maji. Ulichofuta ni nakala moja. Wenzako wana mia tano. Waombe."

"Watu hufuta barua za zamani."

"Na sheria ya mzee umeisahau?"

Sikuwa nimeisahau. Hakuna aliyeisahau. Alwyn alikuwa na sheria moja, na kwa sheria hiyo alitukera wote: unapojibu barua, iache barua ya mwenzako ilivyo, nzima, uandike jibu lako chini yake. Ukikata neno, anakurudishia. Ukijibu juu, anakurudishia na kukuuliza kama nyumbani kwenu watu huanza kula na kisha ndipo wanapika. Wapo waliohama kwa sababu hiyo. Mimi mwenyewe nilimwita nokoa, msimamizi wa watumwa, mbele za watu, na nilipata jibu langu likiwa limerudishwa, kwa kuwa nililiandika juu. Sasa ndiyo nilikuwa naona faida yake: kila barua ilikuwa imebeba ndani yake zile zilizoitangulia. Aliyefuta ya kwanza huenda bado alikuwa nayo ndani ya ya tano.

Siku hiyo hiyo niliwaandikia wanachama wote. Kichwa cha barua kilikuwa: Nimefuta barua zetu, kosa ni langu. Nikaeleza kila kitu, folda tupu na yote, nikaomba kila mtu atafute jina la Alwyn kwenye sanduku lake na atume atakachokipata. Nilingoja matusi. Matusi yalikuja mawili. Barua zilikuja kwa maelfu. Mama mmoja wa Bergen alikwenda kuwasha kompyuta aliyokuwa ameiweka stoo. Kuna waliozichapa wakati ule na sasa walizipiga picha, ukurasa kwa ukurasa, zikiwa na alama za vikombe vya kahawa. Losalini aliziunga vipande kwa vipande. Baada ya wiki tatu tulikuwa na barua elfu mbili mia nane na kumi za Alwyn. Zilizopotea kabisa hazikufika mia.

Ila nilikuwa nimewaambia watafute jina, na watu wetu hufuata maelekezo neno kwa neno. Walituma kila kilichokuwa na jina lake, pamoja na barua ambazo hazikupita kwenye orodha kamwe, alizowaandikia wao wenyewe. Nilifungua ya kwanza bila kujua. Mstari wa pili niliona neno Glenys. Nikaacha kusoma.

Niliwaandikia wenyewe, mmoja mmoja, kuwauliza nizifanyeje. Wote walijibu jambo lile lile: mpelekee mkewe. Zilikuwa sitini na moja. Nilizichapa, nikazitia kwenye bahasha, nikarudi Snug.

"Kwanza," Glenys alisema mlangoni, "yule kijana wa Chile. Saa yake ilitengemaa?"

"Ilitengemaa. Sasa ni profesa, anaitwa Ignacio. Barua zote zimerudi, fungua kesho utamkuta palepale. Hii bahasha ni kitu kingine. Hizi hazikuwa za wote."

Aliketi, akavaa miwani, akachomoa moja kutoka katikati. Nilitaka kutoka nje, akanishika mkono wa sweta.

"Kaa. Macho yangu yanacheza leo. Nisomee."

Ilikuwa kwa Ignacio, ambaye inaonekana alikuwa amelalamika kwamba majibu yanachelewa. Nikasoma.

"Ignacio, usinifikirie vibaya. Kompyuta yangu ikikaa dakika tano bila kuguswa, skrini inazima, inakuwa kioo. Mlango uko nyuma yangu. Humo kiooni namwona Glenys akipita na nguo za kuanika, anajiimbia, hajui kama namwona. Nikigeuka ataacha kuimba, namjua. Kwa hiyo ukiona nimechelewa, mara nyingi si kwamba natafakari swali lako. Nimetoa tu mikono kwenye kibodi, nasubiri izime."

Glenys akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaisoma mwenyewe kwa macho yake yanayocheza.

"Mjinga yule," alisema. "Si angegeuka tu. Ningemwimbia."

Akalia, na mimi nikalia naye, na skoni alizokuwa ametia kwenye oveni zikaungua.

Kabla sijaondoka nilimwambia kwamba nakala ya akiba isiyojaribiwa si nakala, na kwamba safari hii namtaka yeye awe mjaribu. Alikubali haraka, kwa furaha ya mtu aliyepewa fimbo. Sasa kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa moja asubuhi, ananipigia na kunitajia tarehe yoyote, na mimi naitoa barua ya siku hiyo kwenye nakala na kumsomea, naye anafuatilia kwenye kompyuta yake. Nikikwama kidogo ananiuliza kama nimeanza tena.

Zile sitini na moja nilizifuta kwenye mashine zangu zote siku ile ile nilipotoka Snug, na safari hii nilikuwa najua ninachofuta.

Mwezi uliopita alinitajia tarehe, nikatafuta, nikatafuta tena, jasho likanitoka.

"Sina kitu siku hiyo, Glenys. Subiri. Subiri kidogo, usikate."

"Ni ile ya kioo," alisema.

"Ile haiko huku. Nilikupa wewe."

"Najua, kipenzi. Nilikuwa nahakikisha kwamba huna."