Mkono Uliotetemeka Ukitulia

Kitendawili: chakula changu hakiliwi, na anayekila ndiye anayenaswa. Jibu ni ndoana. Hicho ni chepesi. Kigumu ni kile cha mkono wa Harlan Stauffer, uliotulia ukifanya kazi na kutetemeka ukipumzika. Daktari alikuwa na jina la ugonjwa huo. Ardith, mkewe, hakulitamka nyumbani, maana mgeni mbaya haitwi kwa jina.

Mwisho wa Agosti Mto Juniata huwa umepungua, mawe yametoa migongo, na wale samaki besi wa mdomo mdogo, wenye rangi ya shaba, hukaa vivulini wakiotea kerengende. Harlan alikuwa na kerengende wake wa kutengeneza: kizibo, uzi na manyoya, na ndoana tumboni. Asubuhi moja ya siku hizo, akihangaika na kamba za viatu, alisema, "Leo nisipomtoa hata mmoja kwa mkono wangu, ufito huu wa kuvulia naupeleka kanisani wakauze."

Ardith alimtazama. Alimjua. Mtu huyu akiuacha mto atakaa dirishani, na hapo dirishani ndipo atakapoishia. Akavaa viatu vyake vya mpira, akafuatana naye.

Wakasimama majini hadi magotini. Harlan akarusha. Mshipi ukanyooka hewani vizuri kama zamani, kerengende akatua karibu na jabali. Sasa hapo ndipo penye kazi: akishatua haguswi, mpaka vile viduara vya maji vipotee vyote. Besi mkubwa hutazama kwanza. Lakini mkono ulipotulia tu, ukaanza. Ncha ya ufito ikacheza, mshipi ukacheza, kerengende akatetemeka kama mwenye homa. Kivuli kinene kikapanda, kikatazama, kikashuka.

"Kakuona," Ardith akasema.

"Kanionea wapi? Kakuona wewe na hiyo kofia."

"Kofia ulininunulia wewe."

"Ndiyo maana najuta."

Akarusha tena na tena. Ufito akaubana kwa magoti, akauegemeza jiweni. Mtetemeko ukapenya vilevile. Wakala mikate yao ya nyanya wamekaa juu ya mwamba. Jua likaanza kuuacha ukingo wa ng'ambo.

"Wewe rusha," Ardith akasema polepole. "Akishatua, nipe mimi nishike."

"Unajua ukigusa, samaki si wangu."

Alijua. Kwenye mto ule mtu hagusi ufito wa mwenziwe. Ukiugusa, samaki ni wako, hata kama mwenzio kamhangaikia mchana kutwa. Baba humtazama mwanawe akizidiwa na samaki, mikono ya baba imo mifukoni.

"Najua," akasema.

Harlan akautazama mto. Kisha akainuka, akarusha, mrusho mrefu wa kupendeza, na kerengende alipotua tu akamwekea mkewe ufito mikononi. Mikono yake mwenyewe akaitumbukiza majini, akaiacha itetemeke huko.

Viduara vikapotea. Kerengende akatulia. Maji yakapasuka.

"Vuta mshipi," Harlan akasema. "Usiinue ufito. Vuta."

Ardith akavuta. Besi akaruka juu, akajikung'uta, akazama, na ufito ukapinda hadi majini. Ardith akageuka kumrudishia mumewe.

"Chukua, Harlan. Hakuna aliyeona."

"Mimi nimeona." Harlan akarudi hatua moja nyuma. "Huyo ni wako. Malizia."

Akamalizia, kwa papara, mshipi ukimzongazonga magotini. Harlan akalowesha mikono, akamshika samaki taya la chini, akaanza kuitoa ndoana. Ilimchukua muda. Ardith hakumsaidia. Ilipotoka, akamshikilia samaki majini taratibu, mpaka akapata nguvu akaondoka mwenyewe.

"Umemvuta kama unaanua nguo mvua inanyesha," Harlan akasema.

"Nimeolewa miaka yote hii na mwalimu asiyefundisha."

Harlan akaguna. Chini kidogo ya mto palikuwa na jabali jingine, bado lina kivuli. Akanyoosha mkono wake wa kulia mbele ya mkewe, ukitetemeka waziwazi, wala hakuuficha.

"Lete ufito," akasema. "Twende pale nikurushie tena."