Vichuguu vya Mwazye

Nafasi ilikuwa moja, na tulioitwa kwenye usaili tulikuwa wanne. Maabara ya ikolojia na mageuko ya viumbe ya chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam ilitafuta mwanafunzi wa shahada ya uzamili, ada imelipwa, na utafiti wenyewe ungefanyika huku kwetu Ufipa. Mimi nilikuwa nimekaa nyumbani Mwazye miaka miwili na digrii yangu ya baiolojia, nikilima na mama. Watu walishaanza kuniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama kweli nilimaliza chuo. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu kingine chochote.

Usaili ulifanyika Sumbawanga, kwenye ukumbi wa chakula wa nyumba ya wageni. Profesa Tuntufye, mama wa makamo kutoka Tukuyu, alikaa mezani, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Pembeni yake alikuwepo Ebenezer, mwanafunzi wake wa uzamivu, kijana nadhifu mwenye suruali ya mifuko mingi.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Kaa, Agnesi. Tuambie unaona nini hapa."

Ebenezer akanigeuzia kompyuta. Picha ilipigwa kwa droni mwezi wa nne mwaka uliopita, na kijana aliyekodiwa kuirusha alipiga akaondoka zake. Profesa na Ebenezer wenyewe walikuwa hawajawahi kukanyaga mahali hapo. Nikaona vivimbe vya mviringo, vimepangana kama maandazi kwenye sinia.

"Vichuguu," akasema Ebenezer. "Elfu nne kwenye picha moja! Na kwenye picha za setilaiti, ikifika Januari havipo. Tunadhani mchwa wa huku wamejifunza kuhama kila mwaka. Wewe ungepimaje uhamaji wao?"

Nikaitazama picha tena. Kulikuwa na kijito, na bati la jirani yetu Leonardi lenye kiraka chekundu. Lilikuwa shamba letu.

Wenzangu watatu walikuwa wametoka wakitabasamu. Mmoja alinidokeza kwamba amependekeza mchwa wapakwe rangi. Na mimi ningeweza kusema vivyo hivyo, nikaondoka na nafasi yangu. Mdomo uliponza kichwa, mama hunikumbusha karibu kila siku. Lakini hasira ilinishika. Watu wanasomea shamba letu bila kujua kuwa ni shamba!

"Hivi si vichuguu," nikasema. "Ni intumba. Mvua zikikaribia kwisha tunakwatua majani, tunayafukia kwenye matuta ya mviringo, juu tunapanda maharage. Majani yanaoza humo ndani. Mvua za msimu mwingine zikianza tunapasua matuta, tunasambaza udongo, tunapanda ulezi. Ndiyo maana Januari hamyaoni. Na hili hapa ni shamba la mama yangu."

Shingo ya Ebenezer ikavimba.

"Dada, kazi hii nimeifanya miezi kumi na minne. Una ushahidi gani?"

"Jembe," nikasema, na papo hapo nikajua nimejifukuza mwenyewe.

Profesa akashusha miwani, akaivuta kompyuta na kuikagua picha upya. "Kesho asubuhi twende Mwazye."

Mama, Valeria wa watu, alitupokea shambani. Baada ya salamu, Profesa akaomba ruhusa ya kupasua tuta moja kutafuta mchwa. Mama alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mchwa? Niwaache wale maharage yangu huku nawatazama?"

Akampa Ebenezer jembe. Kijana wa watu, nampa haki yake, alichimba mwenyewe. Tuta likafunguka: majani meusi yaliyooza, minyoo, jongoo, mabuu meupe manene. Hakukuwa na mchwa hata mmoja. Ebenezer akakaa chini palepale. Nilimwonea huruma, ila kidogo tu.

Profesa alipiga magoti na kuingiza mikono yote miwili tumboni mwa tuta. "Mama, mambo haya mlianza lini?"

"Bibi yangu aliyakuta."

"Na kila mwaka mnajenga, kila mwaka mnabomoa." Akanigeukia, udongo umemjaa mpaka viwiko. "Wadudu hawa nyumba yao inabomolewa kila mwaka tangu enzi za mababu zako. Wamebadilika vipi ili waweze kuishi? Nataka swali hilo ulishike wewe. Nafasi ni yako, Agnesi, kama bado unaitaka."

Nililia mbele za watu, na sikuona aibu. Ebenezer akainuka, akafuta neno "vichuguu" kwenye daftari lake, akaniomba nimtajie lile jingine herufi kwa herufi.

"Wamekuchukua?" mama akauliza.

"Wamenichukua, mama."

"Kusomea intumba?"

"Ndiyo."

Akafikiri kidogo. Kisha akapiga vigelegele mpaka waliokuwa kwenye mashamba ya ng'ambo ya kijito wakaacha majembe na kuja mbio.

"Njooni!" akawaita. "Agnesi wangu anakwenda chuo kikuu kuwafundisha maprofesa kulima!"

Profesa alinitazama, akingoja nisahihishe. Sikusahihisha kitu, na yeye akaungana na mama kupiga vigelegele.